Viazi Havilalamiki

Nyandira, Mgeta
6 Desemba 1953

Mjomba Fransisko,

Tumsifu Yesu Kristo, na shikamoo. Mimi mpwa wako Alois sijambo. Dada yako, mama yangu Kristina, hajambo ila magoti yanamsumbua kwa hii baridi ya huku. Mdogo wangu Veronika amerudi kukaa kwa mama tangu Septemba, kwa sababu mumewe Agustino yuko bado kwenye mkonge Kimamba na haonekani kabla ya Pasaka. Vuli imekuja vizuri. Kabichi zimefunga, karoti nazo si haba, isipokuwa panya wanazila kabla sisi hatujazila.

Sasa jambo langu. Ile Landrova ambayo ukoo uliinunua kwa bwana shamba wa mkonge bado inatembea. Kila siku inashuka na mboga hadi Morogoro na kupanda na chumvi, mafuta ya taa na watu. Lakini iko chini mno, mjomba. Imekuwa kama kobe. Pale kwenye kona ya mto lile jiwe lililotokeza katikati ya barabara linaigonga difu, lile bonge la chuma katikati ya ekseli, kila nikipita, na mvua ikikata mitaro pembeni hakuna pa kukwepea. Kushoto ukuta wa mlima, kulia korongo. Tumelichoma moto na kulimwagia maji ili lipasuke, wapi. Wanasema ni mlima wenyewe ule.

Sihitaji kukukumbusha masika iliyopita. Tulipokuwa tunamshusha Veronika na uchungu, gari likakaa juu ya jiwe hilo, difu ikapasuka, oili yote ikamwagika. Tukamweka kwenye machela, na mtoto akafia mikononi mwa mama kabla hatujaona taa ya Mzumbe. Nilikuwa nimeshika usukani, mjomba. Sitaki kuona tena mtu anafia pale.

Nataka kuliinua gari kabla ya masika. Nianze na nini? Wengine wananiambia matairi makubwa, wengine springi, wengine wanasema niweke vipande vya mti kati ya springi na ekseli, yaishe. Siwezi kufanya vyote kwa pamoja. Wewe umeshika spana tangu mimi natambaa. Na bora zaidi, njoo mwenyewe. Krismasi hii njoo. Wiki moja tu.

Barua nijibu kwa anwani ya duka la Ahmadi, Mwembesongo, Morogoro, kama kawaida. Yeye hunipa nikishusha mboga.

Mpwa wako,
Alois


Dar es Salaam
10 Januari 1954

Alois,

Marahaba, na milele amina. Barua yako nimeipata baada ya Krismasi, kwa hiyo usinilaumu kwamba sikula nanyi kuku. Nawasalimu wote, dada yangu hasa. Mwambie magoti ayapake mafuta ya nyonyo na aache kupanda kule juu kwenye matuta kama msichana. Mimi niko. Joto la huku linatupika.

Kuja siwezi. Kazi zimenibana kweli, na tajiri wetu hapa gereji hatoi ruhusa. Tusirudie neno hilo.

Haya, gari. Vipande vya mti vitupe jikoni vipike ugali. Gari likipinda mlimani, mti utapasuka, ekseli itarudi nyuma, nawe utakwenda korongoni unamwita Mungu. Matairi makubwa ni mazuri lakini yatasugua bodi na kukulia nguvu za injini mlimani, nayo ni gari la kazi za kila siku. Kwa hiyo ni springi kwanza. Ila springi si kitu kimoja. Kuna ngumu na kuna laini, na ukikosea hapo utajuta kila asubuhi.

Unaniuliza uanze na nini. Mimi nakuuliza, unabeba nini? Si cha siku moja moja. Hasa, masika hii, gari hilo litabeba nini kuliko vyote? Nijibu hilo vizuri nami nitakuambia la kufanya. Fundi anayekuinulia gari bila kukuuliza hilo, mkimbie.

Wako,
Mjomba Fransisko


Nyandira
24 Januari 1954

Mjomba,

Shikamoo. Sote wazima. Padre amesimamisha kuta za darasa jipya na Jumamosi sote tunabeba mawe. Mama amepokea salamu zako, akaguna.

Amenituma nikuandike hivi: kaka yake ana kazi gani huko isiyokwisha miaka mitatu? Mtoto wa Veronika tulimzika bila mjomba. Ukoo wetu, nani asiyejua, mtu wake wa kwanza ni mjomba, baba anafuata nyuma. Sisi tuna mjomba wa kwenye bahasha. Haya si maneno yangu, ni ya mama. Lakini na mimi siyafuti.

Umeniuliza gari litabeba nini.

Mama amekaa hapa pembeni yangu. Kila mstari nikiandika ananiambia nimsomee. Nimemsomea swali lako, akasema, andika kabichi. Nimemwambia, mama, mjomba anauliza ili ajue springi. Akasema, andika kabichi na viazi. Unamjua dada yako, na unajua nyumba yetu ikishafiwa na mtoto namna inavyofunga mdomo. Lisilolia bado halisemwi, wala haliandikwi, wala hatembezwi mtu mjini watu wakaanza kuhesabu.

Basi, mjomba, ni kabichi na viazi.

Mstari wa juu sikumsomea vile ulivyo. Fikiri mwenyewe. Na harakisha, mvua za Machi haziningoji.

Alois


Dar es Salaam
20 Februari 1954

Alois,

Marahaba. Mwandiko usikushangaze, meza yangu leo ni mbovu. Barua yako imelala posta, ikalala tena kwa watu, nimeipata juzi. Dada ana haki ya kuguna. Mwambie namsalimu, na maneno yake nimeyameza yote.

Kama ni kabichi na viazi, jibu ni rahisi. Nimepata springi za Landrova iliyokuwa ya jeshi, zina majani, vile vyuma bapa vinavyopangwa, mawili zaidi ya zako na zimepinda vizuri. Salehe, mwenzangu wa hapa gereji, atakupakilia kwenye treni, uzichukue kwa Ahmadi. Zitakuinulia gari karibu shibiri nzima. Difu yako haitaliona tena hilo jiwe.

Kuzifunga: jeki usiiamini. Weka magogo chini ya chesisi, magogo manene, kabla hujaingiza hata kichwa. Nakuambia tena, magogo. Kisha kabla ya kulishusha, tazama mipira ya breki. Gari likipanda juu, mpira wa zamani unakuwa mfupi, unakatika siku usiyoitaka. Nimekuwekea mirefu ndani ya furushi. Hiyo ndiyo ya pili baada ya springi, na haina mjadala.

Shokomzoba ziache. Najua zako zimekufa na gari litarukaruka, tena springi hizi ni ngumu, zimetengenezwa kubeba mizinga. Likiwa tupu litakutoa meno. Lakini viazi havilalamiki. Shokomzoba tutazitafuta baada ya masika.

Springi zako za zamani zimechoka, usizirudishe.

Mjomba


Mwembesongo, kwa Ahmadi
14 Machi 1954

Mjomba,

Naandika dukani kwa Ahmadi, mama hayupo pembeni, kwa hiyo leo nasema. Salamu utanisamehe.

Veronika ana mimba. Imeshapita miezi saba. Hiyo ndiyo niliyoambiwa niiite kabichi.

Springi nilizifunga kama ulivyosema, na magogo, na mipira mirefu. Gari likasimama juu kama dume la mbuzi. Siku ya kwanza nikapita juu ya jiwe na kabichi zimejaa, sikusikia hata mkwaruzo. Nilisimamisha gari upande wa pili nikalia, sioni aibu kukuambia. Nikasema mwaka huu tumepona.

Jumatano nikamwambia Veronika apande, nimpeleke misheni tu, si mbali, aone gari lilivyo. Nikamweka mbele karibu yangu. Gari lilikuwa tupu. Mjomba, lilimpiga. Kila shimo lilimrusha juu na kumkita chini, nami naenda polepole kuliko mtu wa miguu. Nilipomtazama alikuwa ameshika tumbo kwa mikono miwili na midomo imemkauka. Akasema, kaka, nishushe. Akarudi kwa miguu, ananishika bega, na alipofika nyumbani mama akaona damu.

Damu imesimama. Sista wa misheni amemwamuru alale, asiondoke kitandani, na akasema wazi kwamba huyu hawezi kujifungulia huku, mtoto amekaa vibaya. Lazima hospitali ya Morogoro, uchungu ukianza tu, au hata kabla. Mama bado anawaambia watu Veronika ana malaria.

Nimfikisheje? Njia ya machela ya kukata bondeni imeporomoka na mvua ya wiki iliyopita, imebaki barabara tu. Nikirudisha springi za zamani gari litakaa juu ya jiwe kama mwaka jana. Nikibaki na hizi, namuua kwa mkono wangu. Na za kurudisha zenyewe hazipo. Ulisema zimechoka, nikampa mhunzi, ameshazifua mapanga. Ukoo mzima unafyekea springi zangu.

Wewe uliniuliza swali la maana nami nikakujibu uongo. Ungeniambia nini kama ningesema kweli? Usiniambie. Niambie sasa nifanye nini.

Njoo, mjomba. Nakuomba kwa magoti. Wewe ungekaa chini ya gari hilo nusu siku ukalipatia dawa. Panda treni. Acha hiyo kazi, kazi gani hiyo.

Ahmadi ana mtu anaondoka leo kwenda Dar, nampa barua hii mkononi.

Alois


Dar es Salaam
18 Machi 1954

Alois,

Siwezi kuja. Usiniulize. Soma vizuri, na mtu huyohuyo anakurudishia.

Usitoe jani hata moja. Ukilitoa gari litashuka na jiwe litalishika, umesema kweli.

Springi ngumu hulainika kwa uzito. Gari lako likiwa tupu linapiga, likiwa limejaa linakwenda kama mtu aliyeshiba. Siku ya kumshusha, lijaze. Kwa hiyo huwezi kumchukua Veronika peke yake kwa siri, sikia vizuri. Peke yake utamuua.

Lakini likijaa linashuka kidogo, na pale kwenye jiwe, likitelezea mtaroni hata kidogo, litagonga. Kwa hiyo usipakie mawe wala magunia. Nani atayashusha kwenye mvua na kuyapandisha tena? Pakia watu. Wazito. Mkifika kwenye jiwe wote washuke, Veronika abebwe kwa mikono avushwe, wewe pitisha gari tupu, kisha wapande tena upande wa pili.

Matairi yatoe upepo mpaka yabonyee, utayajaza Mzumbe. Veronika asikae mbele wala nyuma kabisa juu ya ekseli. Alale katikati, juu ya mapaja ya wanawake, si juu ya bati.

Shokomzoba ningezituma kwanza, kabla ya springi. Umesema nisikuambie, lakini naona ni haki yako. Kwa mwenye mimba ningeanza na shokomzoba na springi laini zenye mpindo mkubwa, tena tungepata muda wa kuzitafuta.

Mwambie Kristina, mdogo wangu, kwamba watu hawapandi gari kwa ajili ya malaria. Itabidi aseme.

Fransisko


Hospitali, Morogoro
9 Aprili 1954

Mjomba,

Shikamoo. Nakaa kwenye benchi la nje, mama ndani.

Barua yako nilimsomea mama jioni ileile. Alinipiga kofi kwa sababu nilikuandikia, kisha akasema hatasema. Siku baada ya siku hatasema. Nilimwambia, mama, gari liko tayari, upepo nitatoa, kamba zipo, kilichobaki ni mdomo wako. Akasema mwaka jana alisema, akatangaza, akafuma na sweta, na mtoto akafa. Akiufungua tena mdomo, huyu naye atachukuliwa. Mimi nadhani niliamini hivyohivyo.

Uchungu ulianza Jumapili asubuhi, kabla ya wakati wake. Watu wote walikuwa kanisani. Mvua haijakatika tangu Ijumaa. Nikaleta gari mpaka mlangoni, tupu, nikasema, basi mama, tumpakie tufe naye. Mama akamtazama Veronika. Akatoka bila mwavuli, akaenda kanisani kwa magoti yale unayoyajua. Padre alikuwa katikati ya mahubiri. Mama alisimama nyuma kwenye mlango, maji yanamtiririka, akasema hivi, nami nilikuwa nimemfuata nikasikia:

"Veronika ana mimba. Nimewadanganya wote. Inatoka leo na itamuua. Gari la Alois likiwa tupu linaua, likijaa halina neno. Naombeni mje mjae."

Padre mwenyewe alishuka mimbarini.

Mjomba, walikuja wengi kuliko gari. Wanaume ikabidi niwachague kwa unene, nao wakachekana kidogo katika hali ile. Wale waliokuwa wanamsema mama kwa kiburi ndio waliokaa chini wakamweka Veronika mapajani. Scholastika mke wa mhunzi, ambaye hajapanda gari tangu azaliwe, alimshika kichwa na kutapika nje ya ubavu njia nzima bila kumwachia. Na gari lilituliza mwendo. Sikuamini. Lilikuwa linapepesuka pole, kama mtu mnene anashuka ngazi.

Kwenye jiwe walishuka wote. Waliotufuata kwa miguu nao walikuwa wamefika, wakajipanga mstari kando ya korongo, wakampokezana kwa mikono, mtu kwa mtu, na tope likiwafika magotini. Mimi nikapita juu. Difu haikugusa. Nilipowangoja upande wa pili nilisikia Veronika analia kwa sauti, na kilio chake ndicho kilichonipa nguvu, maana mwaka jana hapo alikuwa amekwisha nyamaza.

Mtoto amezaliwa mchana uleule, mama yake amepasuliwa tumbo. Ni wa kike. Mdogo, wamemfungia pamba kama yai, lakini analia. Ukoo umepata mtu wake. Veronika yuko hai. Alitokwa na damu nyingi, siku mbili hakututambua, jana ameniita jina langu. Daktari hasemi amepona. Anasema tungoje.

Sasa niseme langu. Siku zile mbili mama alikaa kwenye ngazi za hospitali, na kila treni ya Dar ilipopiga honi alinituma stesheni. Nilikwenda. Nilitazama kila aliyeshuka. Mwanamke mgeni aliyekuwa pale na mgonjwa wake alimuuliza mama, huna kaka? Mama akasema, ninaye, ana kazi.

Umetuokoa kwa karatasi, nakushukuru. Lakini Nyandira nzima ilipanda gari lile, mpaka Scholastika, na wewe hukupanda treni. Kama kazi imekuwa ndugu kuliko sisi, sema wazi, nasi tuache kukusumbua. Anayetoa jina la mtoto ni wewe. Mama amekataa kumtajia jina mpaka useme neno.

Alois


Dar es Salaam
25 Aprili 1954

Mpwa wangu Alois,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara nyingi, na leo nimemwomba mgonjwa wa kitanda cha pili anisomee, ili niisikie kwa sauti ya mtu.

Sina kazi, Alois. Tangu Januari sina. Nilikuwa chini ya lori, jeki ikateleza. Magogo sikuweka, nilikuwa na haraka, mimi ninayewafokea vijana kila siku. Barua yangu ile ya kwanza niliiandika hapa hospitali, na mguu wa kushoto ulikuwa umeshakatwa juu ya goti. Springi zako alizitafuta Salehe, mimi nikimwelekeza kwa mdomo. Nilimwapisha asiwaandikie. Nilimwonea Kristina huruma, ametoka kuzika mjukuu. Nikasema nitapona kwanza, nitachonga gongo, nitakuja nimesimama. Mjomba haletwi nyumbani kwa kubebwa. Ndivyo nilivyowaza, siku zote hizo, na dada yangu anatuma mtu stesheni.

Na ile barua ya kabichi niliisoma nikiwa na homa. Siku nyingine ningejua. Uliniandikia wazi kabisa, lakini kila nikifika kwenye neno mtoto nilikuwa nalala.

Mtoto aitwe Kristina. Bibi yake amelilipia jina hilo pale mlangoni mwa kanisa.

Hapa wanahitaji kitanda changu, mwisho wa mwezi natoka. Salehe ana chumba kimoja na watoto wanne. Treni nitaiweza, atanipandisha. Ila kutoka Morogoro kwenda juu siwezi peke yangu. Kigutu hakijafunga, kinaniuma hata mtu akigusa kitanda, na barabara ile naijua.

Nimekataa kuja mara zote ulizoniomba. Sasa mimi ndiye ninayeomba. Njoo stesheni unichukue, Alois, na gari lije limejaa watu.

Mjomba wako,
Fransisko